Kijana Hasomi? Mwongozo Kamili wa Kumtafutia Kitabu Atakachokimaliza kwa Hiari Yake

Kila likizo ikikaribia, ujumbe ni uleule. "Madam, nimemnunulia kitabu kizuri, kipo tu juu ya friji, hajakigusa." Mwingine anaandika kwamba mtoto alisoma kurasa nne, akakilaza kifudifudi kwenye kochi, na ndipo kilipo hadi leo. Wazazi hawa si wazembe. Wametoa hela yao na wamezunguka madukani. Kinachowaangusha ni mpangilio: wanaanza na kitabu, halafu wanamsogezea kijana. Hapa tutaanza na kijana.

Nasimamia kabati la vitabu vya hadithi katika shule moja ya sekondari hapa Tanga. Hatua nilizoziandika ndizo ninazozifuata na wanafunzi wanaoniambia waziwazi kwamba hawapendi kusoma. Zinamfaa kijana wa miaka 12 hadi 18, awe mwanao, mdogo wako au mpwa wako. Tenga kama wiki sita. Hatua ya kwanza na ya pili usiziruke hata ukiwa na haraka, maana humo ndimo wengi wanamokwama.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo. Ni lako wewe mtu mzima, utaandikia unayoyasikia. Kijana asilione kama daftari la kumchunguza.
- Vitabu vitano hadi saba vya kuazima. Usinunue chochote kwa sasa.
- Saa yoyote, hata ya ukutani.
- Vipande vya karatasi ngumu vya kuwekea alama ukurasani. Boksi la dawa ya meno linatoa vinne.
- Taa ya kuchaji, kwa sababu saa nzuri za kusoma ni za usiku na umeme tunaujua.
- Bei ya kitabu kimoja, uiweke kando mpaka hatua ya mwisho.

## Hatua ya 1: Sikiliza siku tatu bila kutaja kitabu

Ukimuuliza kijana asiyesoma "unapenda vitabu gani?", atakujibu "vyovyote" au "sijui". Anasema kweli. Hajakutana na vya kutosha kumwezesha kujua. Swali hilo linampima kwa kitu ambacho bado hana.

Muulize haya badala yake, moja moja, mkiwa mnafanya kazi nyingine kama kumenya viazi au kufua:

- Mara ya mwisho ulichelewa kulala kwa sababu ya nini?
- Ni hadithi gani umemsimulia rafiki yako wiki hii?
- Ungepewa siku moja ufuatane na mtu yeyote kazini kwake, ungemfuata nani?

Jibu likija, ongeza "kwa nini?" mara mbili au tatu. Hapo ndipo penye mali. Nilikuwa na kijana wa kidato cha pili, shabiki wa Coastal Union wa kufa. Mtu mwingine angekimbilia kumtafutia kitabu cha mpira. Nilipomuuliza ni nini hasa kinamvuta, hakutaja magoli. Alizungumzia usajili: nani alikutana na nani kwa siri, nani alisaini kule huku akiwaambia watu yuko huku. "Mimi napenda kujua nani anadanganya, madam." Kijana huyo hakuwa akitafuta mpira. Alikuwa akitafuta upelelezi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba upelelezi upo kwenye vitabu.

Tahadhari: usicheke anachokipenda na usikisahihishe. Akisema anasikiliza simulizi za mapenzi kwenye simu usiku, andika, shukuru, nyamaza. Ukimkemea leo, hutasikia ukweli tena, na mwongozo huu unaishia hapo.

Utajua umefaulu ukiwa na mambo matatu kwenye daftari, na kila moja lina sababu yake pembeni. "Mpira" peke yake halitoshi. "Mpira, kwa sababu ya siri za usajili" linatosha.

## Hatua ya 2: Pima lugha, usipime akili

Hili ndilo jiwe linalowakwaza wengi na halisemwi. Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote, halafu anaingia kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote ni Kiingereza. Mzazi anaona vyema amsaidie: ananunua riwaya nene ya Kiingereza ili "lugha ipande". Mtoto anafungua, kila mstari una maneno mawili asiyoyajua, anafunga. Mzazi anasema mvivu. Huyo si mvivu. Mtu hawezi kufurahia hadithi huku anafukua kamusi.

Kwa aliyelelewa shule za mchepuo wa Kiingereza hali ni kinyume. Anazungumza Kiswahili vizuri mtaani, lakini Kiswahili cha kitabuni, hasa cha waandishi wa zamani wa pwani, kinampiga chenga.

Kipimo chake ni cha vidole vitano:

1. Fungua kitabu katikati, si mwanzoni. Kurasa za mwanzo mara nyingi zimenyooshwa kuliko za ndani.
2. Kijana asome ukurasa mmoja kimya kimya.
3. Kila neno asilolijua, akunje kidole kimoja.
4. Vidole 0 hadi 1, kitabu ni chepesi, na kwa anayeanza ndicho hasa kinachofaa. Vidole 2 au 3, sawa. Vidole 4, labda kama mada inamchoma moyoni. Mkono ukikunjwa wote, kirudishe kabatini bila maneno.

Wengine hukunja vidole vichache kwa aibu. Ukishuku hivyo, mwambie afanye kipimo akiwa peke yake chumbani na akupe jibu la "kinafaa" au "hakifai" tu.

Tahadhari: heshima tuliyonayo kwa waandishi wakubwa isitupofushe. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ni hazina, na mimi naipenda sana. Lakini kuiweka mbele ya mtoto ambaye hajawahi kumaliza kitabu chochote ni kumpandisha Usambara kwa mguu bila maji. Ataifikia, ila kwanza miguu ipate nguvu.

Utajua umefaulu ukiweza kusema: huyu kwa sasa anaanza na Kiswahili (au Kiingereza), chepesi, kurasa zisizozidi 120.

## Hatua ya 3: Geuza anachokipenda kiwe aina ya kitabu

Sasa rudi kwenye daftari. Angalia ile sababu, acha jina la kitu chenyewe.

Anayependa siri na kujua nani kafanya. Huyu ndiye rahisi kuliko wote, kwa sababu Kiswahili kina urithi mkubwa wa riwaya za upelelezi. Anza naye kwa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960, ikafuatiwa na Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na Siri ya Sifuri (1974). Bwana Msa ana kiko chake mdomoni, ana mwenzake Najum, na hakuna purukushani za bunduki: anatazama, anauliza, anafikiri. Pima vidole kwanza, maana Kiswahili chake ni cha Unguja na ni kitamu lakini kina maneno ambayo kijana wa bara hajayasikia. Kijana wangu wa Coastal Union alikunja vidole vitatu, akaendelea.

Kwa wanaotaka mbio na risasi wapo Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Riwaya hizi ziliandikwa kwa watu wazima. Mimi siwapi walio chini ya kidato cha tatu, na hata hapo nasoma mwenyewe kwanza.

Anayefuatilia tamthilia. Kama anajua nani kaolewa na nani katika tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa, huyo tayari anaweza kubeba wahusika ishirini kichwani, kazi ambayo riwaya nyingi haziidai. Anachotaka ni familia, mapenzi yenye kizuizi, na siri inayosubiri kufumuka. Kwa kidato cha tatu kwenda juu, Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, inamfaa. Inaanza na Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwanaume mwenye umri wa kumzaa, na inamfikisha kwa Denge na harakati za kudai uhuru. Imetengenezwa filamu pia, iliyoongozwa na Amil Shivji mwaka 2021. Usiogope filamu. Aliyeitazama anaingia kitabuni akiwa na sura za watu, na hilo kwa msomaji mchanga ni nusu ya kazi.

Anayependa safari na kutafuta. Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ni ya kijana anayetoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Kwa watoto wa huku kwetu kuna ladha ya ziada ya kuona mji wao ndani ya kitabu. Nimeona uso wa msichana ukibadilika alipokutana na Tanga kwenye ukurasa. Alidhani vitabu vinatokea kwingine.

Anayependa vichekesho, au asiyeweza kukaa mahali pamoja. Mpe hadithi fupifupi. Hekaya za Abunuwasi hazichoshi, kila kisa kinaisha kabla hamu haijaisha. Vibonzo pia ni vitabu. Mkusanyiko wa hadithi fupi unampa kijana ushindi wa kumaliza kitu siku hiyohiyo.

Anayeishi kwenye muziki. Kama anayaandika mashairi ya wasanii nyuma ya daftari la hesabu, mpe diwani, yaani kitabu cha mashairi. Mwambie asome kwa sauti, apige na meza. Hapa usimfundishe vina na mizani, mwalimu wake atafanya hivyo.

Anayependa kufungua simu, pikipiki, redio. Riwaya si lazima. Kitabu cha ufundi, cha wanyama, cha anga, cha mapishi, wasifu wa mtu, vyote vinahesabika. Hata gazeti la michezo kama Mwanaspoti linafaa kwa wiki mbili za kwanza, mradi asome makala ndefu na si vichwa vya habari pekee.

Utajua umefaulu ukiwa na aina mbili za kitabu za kutafuta. Zikiwa zaidi ya mbili utatawanyika.

## Hatua ya 4: Kusanya rundo, usilete kitabu kimoja

Kitabu kimoja ni amri. Vitano ni chaguo. Kijana anahitaji kukataa kitu ili kukubali kingine kuwe na maana.

Pa kuvipata:

Maktaba ya mkoa. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba katika miji ya mikoa, na Maktaba Kuu ya Taifa iko Dar es Salaam, Barabara ya Bibi Titi Mohammed. Nenda mwenyewe kwanza, uulize masharti ya uanachama na idadi ya vitabu vinavyoazimwa kwa mara moja. Shida ya kijana maktabani ni kwamba hana mahali pake: chumba cha watoto kina viti vya kumfika magotini, na chumba cha wakubwa kimejaa watu wanaojisomea mitihani. Usimtume tu "nenda maktaba". Mwonyeshe rafu. Maktaba inayopanga kwa namba za Dewey huiweka fasihi ya Kiswahili kwenye 896.392, na mara nyingi ni rafu moja au mbili tu, kwa hiyo mnaweza kuipitia yote kwa dakika ishirini. Mkutubi akiwa na nafasi, mwambie aina mliyoipata hatua ya 3. Hakuna swali linalowafurahisha zaidi wakutubi. Kwa walioko Kenya, maktaba za umma zilizoko kaunti mbalimbali zinafanya kazi hiyohiyo.

Kabati la shule. Shule nyingi zina vitabu vya hadithi vilivyofungiwa stoo kwa kuogopa kupotea. Omba kwa upole, jitolee kuandika orodha ya waazimaji. Ndivyo kabati langu lilivyoanza.

Wauza vitabu vilivyotumika. Wapo pembeni mwa barabara katika kila mji mkubwa. Vingi ni vya shule, lakini chini ya mafungu huwa kuna riwaya zenye jalada lililochanika. Pekua kabla ya kulipa, uhakikishe kurasa za mwisho zipo. Hakuna kinachomuudhi msomaji mpya kuliko hadithi isiyokuwa na mwisho.

Ndugu na majirani. Uliza shangazi na wajomba waliosoma miaka ya 80 na 90. Riwaya za zamani zimelala kwenye masanduku yao.

Tahadhari: mafaili ya riwaya yanazungushwa kwenye magrupu ya simu bila mwandishi kulipwa chochote. Usimfundishe kijana njia hiyo. Waandishi wetu wanaishi kwa shida, na kitabu kisicholipiwa ni kitabu kinachofuata ambacho hakitaandikwa. Simulizi ambazo waandishi wenyewe wanazitoa bure mtandaoni ni halali, mwache asome.

## Hatua ya 5: Pitia rundo wewe mwenyewe

Soma ukurasa wa kwanza, kumi za katikati, na wa mwisho wa kila kitabu. Unatafuta mambo mawili: je, kinachangamka mapema, na je, kuna kitu ambacho kijana wa umri huu atahitaji mtu wa kuzungumza naye baada ya kukisoma?

Nimesema kuzungumza naye, sikusema kukificha. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni. Baadaye ikaja kufundishwa. Kitabu kilikuwa kilekile. Kijana wa miaka 16 ameshaona mengi kwenye simu ambayo hakuna aliyemweleza. Kitabuni angalau yana sababu na matokeo. Kwa wa miaka 12 au 13, mambo ya kikubwa yaondoe kwenye rundo bila hotuba. Hapo wewe ndiye mlezi, unamjua.

## Hatua ya 6: Weka rundo mezani, ondoka

Vitandaze majalada yakiwa juu. Mwambie: "Nimeazima hivi. Chagua kimoja au usichague. Vinarudi Ijumaa ya wiki ijayo." Halafu nenda kapike.

Ukibaki pale utamsoma usoni, naye atakusoma wewe, na atachagua kile ulichokitolea macho. Kitabu alichokichagua ili kukuridhisha atakiacha ukurasa wa kumi.

Mwonyeshe kabla njia ya kuchagua, mara moja tu: jalada, maelezo ya nyuma, ukurasa wa kwanza, kisha ukurasa wowote wa katikati. Wengi watahesabu kurasa kwanza. Waache. Unene wa kitabu ni jambo la haki kuuliza. Hata mimi nikiwa na wiki yenye kazi nyingi nauliza.

Utajua umefaulu ukirudi ukakuta kitabu kimoja hakipo mezani, au kimelazwa mbali na vingine.

## Hatua ya 7: Soma naye sura ya kwanza kwa sauti

Watu wanaliona hili ni la watoto wadogo. Nimelijaribu na vijana wa kidato cha nne wenye ndevu, na linafanya kazi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

Sababu ni hii: sehemu ngumu ya riwaya ni mwanzo. Majina ni mapya, mahali hapajulikani, mwandishi bado anatandika mkeka. Msomaji mzoefu anavumilia kwa sababu anajua chakula kinakuja. Msomaji mchanga hajui. Wewe unamvusha hapo kwa sauti yako.

Soma polepole. Usiigize kupita kiasi. Ukifika patamu, pale mlango unapogongwa usiku au barua inapofunguliwa, funga kitabu.

Mwaka jana nilikuwa nasoma hivyo na wasichana wanne baada ya vipindi, chini ya mwarobaini ulio nyuma ya maabara. Mmoja alikuwa anasuka mwenzake, sindano mdomoni. Nilifika mahali mhusika anasikia hatua za mtu nje ya dirisha, kengele ikalia, nikafunga. Aliyekuwa anasuka akatoa sindano mdomoni. "Madam, malizia basi." Nikamwambia nina kikao. "Basi kiache hapa." Kesho yake alikirudisha, alikuwa amefika ukurasa wa 61, na nywele za mwenzake bado nusu.

Tahadhari: ukifunga kitabu, kiache kwa kijana. Ukiondoka nacho umeondoka na hamu yake.

## Hatua ya 8: Mpe ruhusa ya kuacha, kwa kanuni

Kanuni yetu ni kurasa 30. Akizifikia na bado anavuta miguu, anarudisha, hakuna lawama, anachukua kingine kwenye rundo. Kabla ya 30 anaombwa avumilie, kwa sababu ya ule ugumu wa mwanzo nilioutaja.

Wazazi wanaogopa kwamba wanamfundisha kukata tamaa. Fikiria wewe mwenyewe ukiwekewa sahani ya chakula usichokipenda, na ukaambiwa hakuna kingine mpaka uimalize. Wiki nzima utakuwa unasema hujisikii kula. Kitabu kimoja kibaya kinaweza kumfungia kijana njia muhula mzima.

Anapokirudisha muulize swali moja: "Kilikuchosha wapi?" Akisema "maelezo mengi", kijacho kiwe cha mazungumzo mengi. Akisema "sikuwaelewa watu", kijacho kiwe na wahusika wachache. Akisema "najua itakavyoisha", huyo yuko mbele kuliko ulivyodhani, mpandishe daraja. Andika kwenye daftari. Vitabu viwili vilivyoachwa vinakueleza mengi kuliko kimoja kilichomalizwa.

## Hatua ya 9: Dakika 15 na mahali pake

Panga muda mmoja wa siku usiobadilika. Dakika 15 zinatosha. Hesabu yake ni hii: akisoma ukurasa mmoja kwa dakika mbili, anapata kurasa 7 kwa siku, na kitabu cha kurasa 120 kinaisha ndani ya siku 17 au 18. Mwonyeshe hesabu hiyo. Vijana wengi wanadhani kumaliza kitabu ni kazi ya miezi.

Simu ikae chumba kingine, ya kwako pia. Na wewe shika kitu usome, hata gazeti, hata msahafu au Biblia. Ukimwambia asome huku wewe unaperuzi, amekuona.

Usiweke kusoma kama adhabu ("umekosea, kaa usome"), wala usilipe kwa hela au bando. Ukilipa, siku malipo yakikoma na kusoma kunakoma.

Kwa watoto wa kike wenye kazi nyingi za nyumbani, angalia haki. Kama kaka yake anasoma huku yeye anaosha vyombo, tatizo la nyumba hiyo si vitabu. Gawanya kazi kwanza.

## Hatua ya 10: Zungumzeni kama watu walioangalia mechi moja

Hapa mimi kama mwalimu naomba ninyi wazazi msitufanyie kazi yetu. Shuleni tunauliza dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, matumizi ya tamathali. Ni kazi ya darasani na ina mahali pake. Nyumbani, swali la "umejifunza nini?" linageuza hadithi kuwa mtihani, na kijana anajifunza kwamba kila raha ina karatasi ya maswali nyuma yake.

Uliza hivi: "Huyu Najum unamwamini?" "Ungekuwa wewe ungerudi nyumbani?" "Nani anakukera humo?" Kisha toa maoni yako yapingane na yake, kwa dhati. Mkibishana umeshinda.

Kama hujasoma kitabu chenyewe, sema hivyo, umwombe akusimulie. Akifika mwisho mkatize: "Usiniambie, nitasoma." Halafu usome kweli.

Utajua umefaulu siku atakapoanza yeye mazungumzo.

## Hatua ya 11: Kitabu cha pili kiwe tayari kabla cha kwanza hakijaisha

Pengo kati ya kitabu cha kwanza na cha pili ndilo linalowarudisha wengi walikotoka. Akibakiza kurasa 20, cha pili kiwe kimeshafika nyumbani. Njia fupi ni mwandishi yuleyule au mhusika yuleyule. Aliyempenda Bwana Msa ana vingine vya kumngoja. Hatakiwi kuzoea watu wapya, anarudi kwa wenyeji wake.

Sasa ndipo utoe ile hela uliyoiweka kando. Nenda naye dukani, mpe noti mkononi, achague mwenyewe na alipe mwenyewe. Mwache aandike jina lake na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza kwa kalamu.

## Ukikwama

Amekataa rundo lote. Rudi hatua ya 1. Mara tisa kati ya kumi zangu mwenyewe, tatizo lilikuwa sababu niliyoikosea, nikaleta mpira kwa mtu wa siri.

Anasoma mistari lakini hakumbuki kitu, au anasogeza kitabu karibu na pua. Mpeleke akapimwe macho kabla ya jambo lingine lolote. Na kama herufi zinamchanganya, anaruka mistari, au kusoma kwa sauti kunamtoa jasho, zungumza na mwalimu wake faraghani. Kijana wa kidato cha pili aliyeficha kwamba hawezi kusoma vizuri atasema "vitabu vinaboa" mpaka mtu agundue. Huyo msomee kwa sauti, afuatishe kwa kidole, mwanzo iwe hadithi za ukurasa mmoja. Nimekuwa na wawili wa namna hiyo, na wote wawili walikuwa wanajulikana shuleni kwa utundu.

Yuko bweni. Mtumie viwili siku ya kutembelewa, kimoja chake na kimoja cha kuazimisha. Kitabu bwenini hakilali, kinazunguka vitanda, na kikirudi kwake atakuwa na watu wa kubishana nao. Weka karatasi nyuma ya jalada waandike majina waliokisoma. Nina kimoja kabatini chenye majina 23, wa mwisho ameandika kwa penseli pembezoni kabisa kwa sababu nafasi imekwisha, na chini yake kuna mkono wa mwingine: "Mimi nifuate, usimpe mtu."